Maji ya Kuoshea Jua

Nyaya zilipita juu ya paa la Mama Ratiba kama wakubwa wanaopita mlangoni pa maskini bila kubisha hodi. Zilitoka kwenye uwanja wa sola ng'ambo ya uzio, zikapanda minara ya chuma, zikavuka nyumba mia mbili zisizo na hata taa moja, zikaenda zao mjini, na kutoka mjini zikavuka mpaka wa nchi hadi kwa wanunuzi wa mbali waliotaka umeme usio na moshi. Wakazi wa mtaa walipouliza, kwa unyenyekevu, kama na wao wangepata walau wa kuchajia simu, mhandisi mmoja mwenye kofia nyeupe aliwaeleza kuwa haiwezekani.

"Umeme huu ni mkubwa mno kwenu," alisema.

Hakuwa anatania. Alikusudia kusema kwamba kuushusha kunahitaji transfoma, na transfoma haikuwamo katika mchoro. Lakini watu waliliokota neno lake kama lilivyodondoka, na tangu siku hiyo kila kizuri kilichowapita kikawa kikubwa mno kwao: barabara ya lami, gari la wagonjwa, hata yule mchumba wa mjini aliyetuma salamu za posa kisha akazima simu.

Mama Ratiba alikuwa nyapara wa wanawake kumi na wanne walioosha paneli ndani ya uzio huo. Babu yake alipalilia pamba humohumo, enzi za bwana shamba aliyetoka ng'ambo ya bahari. Mama yake aliichuma pamba ileile ilipokwisha kuitwa mali ya taifa. Yeye sasa aliosha vioo. Wenye shamba walikuwa wamebadilika mara mbili na bendera mara moja. Uzio haukuwa umesogea hata hatua moja, na geti bado lilifunguliwa na mtu wa ndani.

Jina la Mama Ratiba alipewa na wenzake kwa kejeli, naye akalipokea kwa moyo mkunjufu, maana lilikuwa la kweli. Ukutani mwa stoo, kwenye msumari, alitundika ratiba ya kazi iliyopigwa mistari kwa rula. Chini yake alikiweka kitabu cha maagizo, ambacho kurasa zake zilikuwa na namba, na ambamo kila kazi iliyofanywa nje ya ratiba iliandikwa pamoja na saa, sababu na saini ya aliyeiagiza. Kampuni yenyewe ndiyo iliyokileta kitabu hicho. Mama Ratiba alikuwa mtu pekee uwanjani aliyeyasoma maelezo ya ukurasa wa mbele, kisha akayafuata.

Sheria ya kwanza ya kazi yao ilikuwa fupi. Kioo huoshwa alfajiri, kikiwa baridi. Jua likipanda, paneli hupata moto kama kikaango, na maji baridi yakiigusa, hupasuka. Kabla ya kumwaga tone la kwanza, mwoshaji aliweka mgongo wa mkono juu ya kioo. Kikimchoma, aliondoka na ndoo yake. Mwoshaji mgeni alifundishwa jambo hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Lakini kilichowauma watu zaidi ya umeme ni maji. Mtaa ulikuwa na kisima chake, kilichochimbwa kwa majembe na wazee waliokwisha kufa. Kampuni ilipokuja ilichimba cha kwake, kirefu cha kutisha, karibu na uzio, na msimu mmoja baadaye kile cha wazee kikabaki shimo la kurushia mawe. Aliletwa mtaalamu. Alichungulia, akaandika, akatangaza kuwa uhusiano kati ya visima hivyo viwili haujathibitishwa.

"Hata uhusiano wa mdomo wangu na tumbo langu haujathibitishwa," alisema wifi yake Mama Ratiba, ambaye naye alikuwa mwoshaji, "ila nikila, linajaa."

Kuanzia hapo wanawake walichota mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya uzio maji ya kisima kirefu yalichujwa mara mbili kabla ya kuingizwa kwenye tangi, kwa sababu chumvi huacha madoa. Kioo hakikutakiwa kuguswa na maji machafu. Matumbo ya watoto yalionekana kuwa na uvumilivu zaidi.

Ikawa, bila mkutano wala azimio, kila mwoshaji anakuja kazini na beseni. Paneli imeinama, maji yakishaosha kioo huteremka hadi ukingo wa chini na kudondoka. Wanawake waliyakinga. Yalikuwa na vumbi, lakini ukiyaacha yatulie na kuyachemsha yalikuwa mazuri kuliko yoyote yaliyonyweka mtaani tangu kisima kikauke. Mama Ratiba aliwapangia zamu: leo wenye vichanga, siku inayofuata wenye wagonjwa, kisha waliobaki. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiugua tumbo tangu enzi za maji ya mto, alianza kunenepa mashavu.

Meneja aligundua. Alikuwa kijana mwenzao wa nchi hiihii, aliyesoma mbali na kurudi na maneno mengi, na hakuwa mtu mbaya kwa namna ambayo ungeweza kumshtaki. Alibandika tangazo kwamba maji yaliyotumika ni mali ya kampuni hadi yatakapogusa ardhi. Wifi akakamatwa getini na ndoo kichwani, akasimamishwa kazi wiki mbili kwa kosa la kuiba matone.

Siku ya pili yake, wageni wa wafadhili walifika kabla ya saa yao, ndege ikiwa imewawahisha. Walikuta mabeseni yamepangwa chini ya paneli, maana tangazo lilikuwa bado halijawafikia wote. Mama mmoja mwenye kamera alipiga magoti vumbini akatokwa machozi. Alisema kuwa jua lenyewe linawanywesha watoto. Meneja alitabasamu, akaeleza kuwa huo ndio mpango wao wa majaribio, na kwamba wana mawazo ya kuupanua. Tangazo lilibanduliwa kabla wageni hawajamaliza soda. Wifi aliitwa arudi kazini na kupigwa picha akiwa na ndoo ileile aliyoiba.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mradi wa Maji ya Jua.

Mama Ratiba aliitwa ofisini kutoa maoni ya jamii. Kulikuwa na baridi ya kutetemesha mle ndani, na hakuambiwa akae. Alitoa maoni yake kwa mpangilio, kama alivyoyaandika usiku uliopita. Tangi lilikuwa hatua mia tatu kutoka mtaani. Bomba moja la plastiki na koki moja vingetosha. Kampuni ingepungukiwa na maji kiasi ambacho pampu yake ilikimwaga kila siku kwa kuvuja tu.

Meneja alimsikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri lifti.

"Mama, bomba la kutoka kwenye tangi ni bomba tu. Mabomba yapo kila mahali. Haya ni maji yaliyoosha jua. Yana simulizi ndani yake."

"Tunaosha mara mbili kwa wiki," alisema Mama Ratiba. "Siku nyingine tano simulizi itatoka na nini?"

Meneja alisema hilo ni suala la awamu ya pili.

Wakajenga. Chini ya safu ya kwanza ya paneli ulipita mfereji wa bati. Kutoka kwenye mfereji likateremka bomba, likapenya uzio, likaishia kwenye nguzo ya zege iliyopakwa rangi ya kijani, yenye koki inayometa na bamba la chuma lililochongwa majina ya wafadhili. Tangi la kuhifadhia maji halikujengwa. Mahali pake palijengwa jukwaa la kupigia picha. Kwa hiyo koki ilitoa maji wakati mmoja tu, yaani pale mtu aliyekuwa juu alipokuwa akiosha kioo. Akiacha brashi ajikune, na koki ilipumzika.

Siku ya uzinduzi ilipangiwa saa moja asubuhi, jambo lililomfariji Mama Ratiba. Waoshaji wangeosha kwa saa zao, koki ingetiririka, na kila mtu angerudi kwake na alichokijia. Saa kumi na moja alfajiri wakaanza. Saa moja koki ilibubujika vizuri ajabu, na wanawake wa mtaa wakajaza madumu bila hotuba. Mgeni Rasmi hakuwapo. Saa mbili hakuwapo. Saa nne walipata habari kuwa ameshaamka. Spika zilipiga muziki wa kukaribisha, zikiendeshwa na jenereta ya dizeli iliyokodiwa mjini na kufichwa nyuma ya turubai, kwa kuwa umeme wa uwanja ulikuwa mkubwa mno hata kwa spika.

Msafara ulifika saa sita na dakika ishirini. Jua lilikuwa utosini. Meneja alimjia Mama Ratiba mbio, shati limemganda mgongoni, akamwambia waanze kuosha safu ya kwanza mara moja.

Mama Ratiba alikwenda kwenye paneli ya karibu, akaweka mgongo wa mkono juu ya kioo, akauondoa upesi. Akarudi. Alimweleza kuwa kioo kimechemka na maji ya kisima ni ya baridi, kwamba vioo vitapasuka, kwamba jambo hilo limeandikwa katika sheria za kazi, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Alimweleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza kwa nini penseli hailiwi.

"Dakika tano tu, Mama. Kioo hakitajua."

"Kioo hakina saa. Kina joto."

"Mgeni Rasmi hawezi kufungua koki kavu. Unataka tuaibike mbele ya dunia?"

Mama Ratiba alitazama upande wa nguzo ya kijani. Mtaa mzima ulikuwa pale na ndoo zake, na miongoni mwao mama mkwe wake ameketi juu ya dumu. Akikataa, kumi na wanne wangefukuzwa kazi na mradi ungekufa kwa kisingizio cha ukaidi wa wenyeji. Akikubali, vioo vingepasuka na wale kumi na wanne wangebebeshwa lawama. Alikwenda stoo akaleta kitabu cha maagizo na kalamu.

"Kazi nje ya ratiba," alisema. "Saa, sababu, saini."

Meneja alicheka kwa hasira, akasema sasa anafahamu jina lile lilitoka wapi. Aliandika palepale kwa mwandiko wa mtu anayekimbia: saa sita na dakika thelathini na tano, osheni safu ya kwanza, ili maji yatoke kwa Mgeni Rasmi. Akatia saini kubwa yenye mkia.

Wanawake wakapanda na mipira. Mgeni Rasmi alishika koki, akasema maneno kuhusu haki, kizazi kijacho na nchi ambazo hazikuchafua anga lakini ziko tayari kuisafisha. Akafungua. Maji yakatoka. Aliyakinga kwa viganja viwili, makofi yakapigwa, na yule mama wa kamera akapiga magoti palepale alipopigia mara ya kwanza.

Ndipo likasikika *pa*.

Kioo cha kwanza hakikuanguka. Kilijaa nyufa mara moja, kona hadi kona, kikageuka cheupe kama utando wa buibui. Mgeni Rasmi aliinua kichwa, akadhani ni fataki, akapiga makofi. Wapambe wake wakapiga naye. *Pa*, ikasema paneli ya pili. *Pa, pa, pa*, zikajibu zilizofuata, na kila zilipolia makofi yalizidi, kwani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Wifi aliyekuwa juu na brashi alisema baadaye kuwa hajawahi kushangiliwa vile maishani mwake, hata siku ya harusi. Meneja alikuwa akipunga mikono kwa namna ambayo ingeweza kuwa acheni au endeleeni. Mama Ratiba akapuliza filimbi yeye mwenyewe.

Kazi ilisimama. Na kwa kuwa kazi ilisimama, koki nayo ilisimama. Tone la mwisho lilining'inia mdomoni mwake mbele ya kamera zote, likafikiri, kisha likadondoka kwenye kiatu cha Mgeni Rasmi.

Paneli arobaini na moja zilikuwa zimekufa.

Jioni ya siku ya tatu Meneja alikuja nyumbani kwa Mama Ratiba. Hakuwahi kuvuka uzio kwa miguu kabla ya hapo, na alikwepa madimbwi ambayo hayakuwapo. Alikalishwa kwenye kigoda. Alimwita dada. Alimsifu mama mkwe kwa afya yake, akaletewa maji ya kunywa, akayatazama, akayaweka chini. Kisha akasema alichokijia. Makao makuu walikuwa wanamtuma Mkaguzi baada ya wiki moja. Taarifa ingeenda vizuri kama ingeandikwa kuwa waoshaji walichanganya saa. Hakuna ambaye angefukuzwa, labda mmoja au wawili, kwa muda. Ila ule ukurasa wa kitabu ungepaswa kuchanwa.

"Kurasa zina namba," alisema Mama Ratiba. "Na hata zisingekuwa nazo, nisingechana."

Meneja alimwuliza anataka nini.

"Bomba. Kutoka kwenye tangi, hatua mia tatu, koki moja. Kabla Mkaguzi hajafika."

"Halafu utachana?"

"Sichani, na sidanganyi. Akiniuliza, nitamjibu. Usipoleta bomba, sitangoja aniulize: nitampokea getini na kitabu mkononi, pamoja na wanawake wote wa mtaa na ndoo zao za maji ya mto. Ukileta, nitakuwa kazini kwangu, kimya. Huo ndio mkataba wote, haba kama ulivyo."

Meneja alipiga hesabu zake waziwazi, midomo ikicheza. Mkaguzi angekuta maji yanatiririka, watoto wananawa, kina mama wanacheka, angepiga picha, nani angeuliza habari za daftari kuukuu lililo stoo? Alisimama akiwa amechangamka kuliko alivyoketi. Alipoondoka, mama mkwe aliyachukua yale maji yasiyoguswa, akamwagia mche wa mpapai.

"Mwanangu," alimwambia mkazamwana wake, "yule amesoma kila kitu isipokuwa kilichoandikwa."

Kitu kilichokuwa hakiwezekani kwa miaka mitatu kilichukua siku nne. Mafundi wawili walichimba mtaro, wakalaza bomba, wakafunga koki ukutani mwa kisima kilichokauka. Siku ya tano ilifunguliwa. Hakukuwa na jukwaa. Wanawake walisimama foleni wakiwa kimya kidogo, kama watu wasiotaka kumwamsha aliyelala, hadi wifi alipojaza ndoo yake ya kwanza na kuuliza kwa sauti kama safari hii anaiba au anapokea msaada, ili ajue atembee vipi.

Mkaguzi alifika siku ya saba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyevaa viatu vya kazi. Meneja alimpokea na kumwelekeza kwenye gari, akiomba waanze kwa kuona furaha ya jamii.

"Maji nimeyaona nikipita," alisema Mkaguzi. "Nimeshayaandika. Nipeni kitabu cha maagizo."

Ndivyo ukaguzi wowote ulivyotakiwa kuanza. Ilikuwa imeandikwa kwenye maelezo ya ukurasa wa mbele wa kitabu chenyewe, mstari wa tatu. Meneja aligeuka kumtazama Mama Ratiba. Mama Ratiba alikuwa kazini kwake, kimya. Mkaguzi alipomgeukia na kuuliza kitabu hukaa wapi, alimjibu: chini ya msumari, stoo. Akakileta kwa mikono miwili, akakifungua kwenye ukurasa uliotakiwa. Saini yenye mkia ilikuwa bado imekolea wino.

"Tulikubaliana," alinong'ona Meneja walipobaki peke yao mlangoni.

"Ndiyo," alisema Mama Ratiba. "Na mimi nimetimiza."

Mkaguzi aliandika kurasa tisa. Bomba liliingia humo kwa wino, pamoja na picha, likawa mafanikio ya kampuni. Na kitu kikishaitwa mafanikio, hakuna anayethubutu kukifunga. Waoshaji kumi na wanne walibaki kazini. Meneja alihamishwa. Aliitwa makao makuu, akapewa meza kubwa zaidi na idara mpya inayoshughulikia haki za jamii zinazouzunguka umeme safi, na inasemekana husafiri sana, akionyesha kumbi zilizojaa watu ile picha ya beseni chini ya paneli. Nguzo ya kijani bado ipo, na bamba lake. Haijatoa maji tena, lakini ni imara, na wanawake huanikia juu yake matambara ya kufutia vioo.

Asubuhi moja Mama Ratiba aliwahi kidogo kurudi kutoka kisimani, kwani alikuwa na jambo la kutundika. Alikuwa amemwomba Mkaguzi nakala ya mchoro wa uwanja, ule ambao transfoma haikuwamo, naye Mkaguzi, ambaye hakuona sababu ya kukataa wala ya kukubali, alimpa. Sasa ulikuwa ukutani mwa sebule yake. Juu ya paa nyaya zilivuma kama kawaida yake. Wifi aliingia na ndoo, akaitua, akausoma mstari uliopigwa kwa rula chini ya mchoro: Alhamisi, saa tatu, ofisini, transfoma.

"Watasema ni mkubwa mno kwetu," alisema wifi.

"Waseme." Mama Ratiba alichukua kalamu akaiweka juu ya sikio. "Halafu waandike, na waweke saini."